Alipolazwa Anselmo

Belmullet, Mayo, Ayalandi
12 Mei 1985

Mjomba Severin, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, hujalala. Gervas aliniambia kwa simu kwamba kifua kinakusumbua tangu Pasaka, na kwamba bado unatoka kwenda dukani peke yako kwa ubishi. Mwanao anakuogopa, mimi sikuogopi: tulia nyumbani. Mimi sijambo. Mvua ya huku haina masika wala vuli, inanyesha tu. Asubuhi niko kwenye nyumba ya wazee, mchana nawazungukia wagonjwa vijijini kwa baiskeli, na suruali yangu haijakauka tangu Februari.

Nina mgonjwa mmoja ungempenda. Anaitwa Delia Gaughan, bibi mwenye miaka themanini na kitu, anajua habari za kila jiwe la kijiji chake. Kila nikimaliza kumfunga kidonda ananitia mkate mfukoni. Anasema kwenye mlima ninaopita kuna majani yaliyoota juu ya watu waliokufa kwa njaa kuu, zaidi ya miaka mia iliyopita, na ukiyakanyaga bila chochote mfukoni, njaa yao inakuangusha hapo hapo. Basi natembea na mkate.

Wiki iliyopita nilikatisha malisho yake ili kufupisha njia. Ni kiwanja cha ng'ombe saba, Mjomba, kimezungushiwa ukuta wa mawe na kina geti moja. Nilipofika katikati, geti sikuliona tena. Nilifuata ukuta, nikazunguka, nikazunguka tena. Baadaye geti likawa pale pale lilipokuwa. Delia alikuwa dirishani muda wote.

"Umetoka nchi ya simba," akasema, "umekuja kupotezwa na ng'ombe saba!"

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita ungezidi kupotea. Ulitakiwa uvue koti, uligeuze ndani nje, ulivae."

Akaniambia kwamba chini ya kipande kile cha ardhi amezikwa mtoto ambaye hakubatizwa. Anayemkanyaga anapotea kama mtoto mwenyewe alivyopotea. Nilicheka, lakini siku hizi nafuata barabara.

Nikuletee sasa la nyumbani. Mama ameandika. Parokia inajenga kanisa jipya, na sehemu ya zamani ya makaburi itachimbwa msingi. Kila ukoo umeambiwa uhamishe watu wake. Mama anataka kaka yangu Anselmo aletwe kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, alale karibu na baba, na yeye mwenyewe siku yake ikifika alazwe hapo kati yao. Ameshaongea na wachimbaji. Shida ni kwamba msalaba wa mbao ulioza miaka mingi iliyopita, na kwenye kona alikozikwa kuna vituta vitatu ambavyo mama hawezi tena kuvitofautisha. Anasema ni wewe uliyemzika, baba akiwa Uganda, na kwamba yeye alionyeshwa tu mahali baadaye. Je, Anselmo ni kituta kipi?

Mpwa wako,
Adelina


Alby, Stockholm
3 Juni 1985

Mpwa wangu Adelina, marahaba.

Barua yako ilifika, nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili Milly asikie Kiswahili kinavyoandikwa. Mjukuu wangu huyu ana miaka minane. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi, tunaelewana kama watu wawili walioketi kwenye kingo mbili za mto. Gervas hajambo, karakana ya treni inampa kazi za kutosha. Jumamosi tulikwenda Rinkeby kwa Noeline, yule Mganda mwenye duka, tukapata ndizi za kupika. Zilikuwa zimechoka na safari, lakini zilikuwa ndizi. Noeline alinitania, "Mwalimu, umekonda, watu watasema Wasweden wanakula wazee." Nikamwambia hawawezi, nyama yangu ni ngumu.

Habari za bibi yako wa Mayo zimenifurahisha. Nilipokuwa nafundisha historia nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba kila nchi ina mahali ambapo watu wake hupita haraka. Kwa njaa ile kuna maelezo: watu walizikwa walipoangukia, na vizazi vilivyofuata vilikumbuka mahali lakini vikasahau majina. Hilo la kupotea malishoni nalo naliona ni uchovu wa mtu aliyetoka zamu. Hata hivyo ningependa kujua zaidi. Je, wanasema mtu anapotea mara moja tu, au inamrudia? Na aliyemzika yule mtoto, naye hupotea? Muulize, kisha uniandikie maneno yake yenyewe.

Huku mwezi huu jua linakataa kuzama. Gervas ametundika blanketi dirishani kwangu, lakini mwanga unaingia pembeni.

Mama yako mpe salamu zangu nyingi. Mwambie dawa ya magoti aliyoiomba nitamtumia kwa mkono wa kijana mmoja wa Muleba anayerudi Agosti. Mambo ya kuhamisha makaburi si ya kuharakisha. Wazungu waliojenga parokia ile walitangaza mengi ambayo hayakufanyika.

Mjomba wako,
Severin


Belmullet
8 Julai 1985

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia umepata ndizi. Huku nilimpikia Delia maharagwe kwa nazi ya kopo, akaonja kijiko kimoja, akasema Mungu anibariki lakini mbwa wake ana njaa kuliko yeye.

Nilimuuliza maswali yako. Akasema nimpeleke nje. Nilimshika mkono hadi nyuma ya malisho. Kuna boma la kale pale, duara la udongo lililoinuka, lina miti ya miiba yenye maua meupe, ambayo hakuna mtu anayeikata. Nilidhani ananionyesha mambo ya majini ya Kiayalandi. Kumbe ndani ya duara kuna mawe meupe madogo, yamepangwa ardhini kama viazi vilivyochimbuliwa. Kila jiwe ni mtoto. Ndugu zake wawili wako humo. Walizaliwa wakafa kabla padri hajafika, na makaburi ya kanisa hayakuwapokea. Baba yake aliwabeba mmoja mmoja, ndani ya sanduku la majani ya chai, jua likizama, bila mtu kumsindikiza. Mama yake hakuruhusiwa kwenda. Padri aliwaambia watoto hao hawako motoni wala mbinguni.

"Wako wapi basi?" nikamuuliza.

"Wako hapo," akaniambia, akionyesha kwa fimbo. "Hapo ndipo walipo. Padri hakuwahi kuja kuangalia."

Kuhusu swali lako la mwisho: anasema baba yake hakupotea hata siku moja. Uzeeni alipofuka macho ungeweza kumsimamisha mlangoni, naye angekuonyesha kwa kidole walipo wanawe, bila kukosea. Anayezika mtoto hasahau mahali, ndivyo alivyosema.

Mjomba, hukunijibu. Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta. Mama ameandika tena: padri wao kijana ameweka siku, uchimbaji utafanywa baada ya Misa ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba. Kituta cha kwanza, cha kati au cha ukutani? Neno moja linatosha.

Adelina


Alby
29 Agosti 1985

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mkono wangu umekuwa mzito, na daktari amenibadilishia vidonge. Gervas na watoto hawajambo. Milly amerudi shule.

Miaka arobaini na zaidi imepita, sikumbuki kituta. Mwambie mama yako achukue udongo kidogo wa pale, auweke kibanjani, inatosha. Wazee wetu walifanya hivyo kwa watu waliofia mbali. Hakuna haja ya kufukua mifupa ya mtoto mbele ya watu. Mshauri hivyo kana kwamba ni wazo lako.

Huku majani ya miti yameanza kubadilika mapema mwaka huu.

Severin


Belmullet
17 Septemba 1985

Mjomba, shikamoo, na pole kwa kuugua.

Sitaandika habari za mvua. Gervas alinipigia Jumapili. Ameniambia jambo ambalo wewe hukuliandika: kwamba ulitoka kununua mkate, ukapanda ngazi za jengo lisilo lenu, ukajaribu ufunguo wako kwenye mlango wa mama mmoja Mturuki. Na kwamba si mara ya kwanza, mwezi wa saba ulikutwa kwenye kituo cha treni cha Tumba umekaa na mfuko wa maziwa yaliyoharibika. Yule mama alikutolea kiti akakuuliza unamtafuta nani. Ukamjibu neno moja la Kiswidi, *barn*. Mtoto. Gervas alipokuja kukuchukua, yule mama alikuwa analia. Alimwambia, "Mzee wako amepoteza mtoto," na Gervas akamwambia hapana, watoto wote wako nyumbani.

Gervas anadhani ni akili imechoka. Mimi ni muuguzi wa wazee, Mjomba. Naijua akili iliyochoka. Mtu wa namna hiyo haniandikii kurasa mbili za historia bila kukosea herufi, akaniuliza kama aliyezika naye hupotea, halafu akasahau kituta.

Nilimsomea Delia barua yako ya Agosti, nikiifasiri mstari kwa mstari. Alisikiliza, akasema, "Huyo hajasahau, binti. Huyo anakuomba usichimbe."

Mama ana miaka sitini na minne. Amekwenda kwenye kona ile kila Novemba tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni tukaenda, akaniambia ning'oe majani pale kwa kaka yangu. Kama kuna kitu pale asichotakiwa kukiona mbele ya watu, niambie mimi sasa, kabla koleo halijaingia. Ukinyamaza atakiona bila kuandaliwa.

Nasubiri.

Adelina


Alby
20 Oktoba 1985

Mpwa wangu Adelina,

Watu wa nyumba hii ni wazima. Gervas yuko kazini, Milly yuko shule. Daktari ameniambia moyo wangu umefika mwisho wa kazi yake. Hakunificha, nikamshukuru kwa kichwa, maana Kiswidi changu hakifiki huko. Niko jikoni. Nimeichana barua hii mara kadhaa, na hii nitaitia kwenye sanduku la posta kabla sijaisoma.

Chini ya msalaba ule hakuna Anselmo. Hakuwahi kuwapo.

Mwaka 1943 nilikuwa katekista wa kigango chetu. Padri alikuja mara chache, kwa hiyo watu waliniheshimu kama yeye, nami nililizoea hilo. Dada yangu Paskazia, mama yako, alikuwa amekwenda kuishi na Method, baba yako, bila ndoa, na Method alikuwa bado mpagani. Watu walinicheka chini chini: katekista anafundisha amri kumi, dada yake yuko kwa mpagani. Method alikwenda Uganda kwenye mashamba ya miwa, mama yako akajifungua mtoto wa kiume. Nilikataa kwenda kumwona.

Mtoto alipata homa akiwa na miezi minne. Mama yako aliniita, nikaenda. Ilikuwa mchana, jua kali, na wanawake wawili wa jirani walikuwa uani wanatwanga. Alikuwa ameshachota maji kwenye kibuyu. Mtoto anayekufa, sheria ya kanisa haikuniruhusu tu kumbatiza, iliniamuru. Inachukua muda wa kuvuta pumzi moja. Hilo nililifundisha mwenyewe kila mwaka.

Nikashika kibuyu, nikasema, "Kwanza tamka kwamba utaondoka katika nyumba hii."

"Kaka, mbatize kwanza."

"Tamka kwanza."

"Kaka, unamwona alivyo!"

"Namwona. Tamka."

Akatamka. Alisema, "Nitaondoka." Hapo ningemwaga maji, na sasa ningekuwa nakuandikia habari za ndizi. Lakini alikuwa amesema kwa sauti ndogo. Nikamwambia wanawake wale hawajasikia, aende mlangoni awaite, aseme tena mbele yao. Akaenda, Adelina. Alimlaza mtoto kitandani akaenda mlangoni. Nilimsikia akiwaita kwa majina na kuwaambia kwamba anaondoka kwa Method. Nilipogeuka kumtazama mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Nilimwaga maji sakafuni, kwenye nyasi zilizotandikwa. Mama yako aliporudi nikamwonyesha kibuyu kitupu, nikasema, "Nimekwisha kumbatiza. Nimemwita Anselmo. Amekwenda moja kwa moja mbinguni." Alipiga magoti akanishukuru. Alinishika miguu.

Kesho yake nilimbeba kwenda misheni. Mtoto mchanga hubebwa na mtu mmoja, na mama yako hakuwa na nguvu ya kutembea. Alimfunga kwenye khanga yake, akamwachia ushanga wa buluu kiunoni. Nilitembea hadi rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya migomba yote. Hapo miguu ikagoma. Ardhi ya makaburi ilikuwa imebarikiwa, na mtoto niliyembeba hakubatizwa. Niliweza kumdanganya dada yangu. Ardhi ile sikuweza. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na bado sielewi ni dini gani niliyokuwa nayo, iliyokataza hili ikaniachia lile.

Kuna kichuguu kikubwa chenye vichwa viwili, mkono wa kushoto wa njia ukienda misheni. Nilimzika upande wake wa mashariki. Kisha nikaenda misheni, nikainua kituta kisicho na kitu kwenye kona, nikakichomeka msalaba.

Mwaka uliofuata niliacha ukatekista, nikaomba kazi ya ualimu mbali. Watu walidhani natafuta mshahara. Mama yako alitimiza neno lake, aliishi kwetu hadi Method aliporudi, akabatizwa, wakafunga ndoa, ukazaliwa wewe. Alipokuwa anajenga upya, nilimkuta siku moja anatoka rweya na mzigo wa nyasi kichwani, za kutandika ndani. Nikamuuliza amezikata wapi. Akasema, "Kwenye kile kichuguu. Nyasi za pale ni laini." Alikata pale kila mwaka. Nimekaa juu ya nyasi hizo nikala chakula chake.

Hapa Alby simwoni na simsikii. Natoka tu kununua mkate, na nikigeuka sijui mlango wangu ni upi. Najikuta nashika kitasa cha mtu, nimejiandaa kusema samahani nimechelewa.

Zuia uchimbaji. Au usizuie. Sijui tena.

Severin


Belmullet
28 Novemba 1985

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe thelathini Oktoba. Nilikwenda posta kupeleka telegramu, nikasimama mbele ya karani nikashindwa. Telegramu ya nyumbani hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mama. Mwishowe niliandika: SUBIRINI BARUA. Ilifika siku mbili baada ya kuchimba.

Leo nimepata barua ya mama. Nakuandikia mambo kama alivyoyaandika.

Walichimba vituta vyote vitatu. Viwili vilikuwa vya watu wazima. Cha ukutani, ambako chini ya udongo waliona kisiki cha msalaba uliooza, walikuta watoto. Siyo mmoja, Mjomba. Watatu. Wamewekwa mmoja juu ya mwingine, kwa miaka tofauti, wa mwisho akiwa karibu sana na juu. Wachimbaji waliogopa wakataka kufukia. Ndipo bibi mmoja kati ya waliokuwa wamesimama akaanza kulia kwa sauti, akasema wa juu ni wake. Mwanawe alifariki kabla ya maji ya ubatizo, hakuruhusiwa kuzikwa pale. Akakumbuka kwamba kuna mtoto wa Paskazia aliyebatizwa na kaka yake katekista, mwenye msalaba. Alikwenda alfajiri peke yake, akamweka wake juu ya huyo mbarikiwa ili amshike mkono. Wale wengine wawili hakuna aliyewadai. Mama zao huenda wamekufa, au walikuwa wamesimama pale pale na waume zao.

Mama alishuka shimoni mwenyewe. Aliangalia mmoja baada ya mwingine. Ameandika hivi: "Hakuna ushanga. Hawa si wangu. Lakini nimewaambia wachimbaji wawatoe wote watatu, nimewapeleka kwangu, kwa sababu walikuja hapa wakimfuata wa kwangu. Sasa nataka Severin aniambie wa kwangu yuko wapi. Asiniambie kwa nini. Wapi."

Alijua kabla ya barua yoyote, akiwa amesimama ndani ya shimo.

Nilimweleza Delia. Aliinuka akafungua droo, akanipa jiwe jeupe. Nilimwambia hatuna desturi hiyo. Akasema nibebe tu, uwanja wa ndege hawatozi kwa jiwe.

Naondoka Dublin tarehe kumi na nane Desemba. Nitamwambia mama uso kwa uso. Nitamwambia yote, hata kibuyu. Usidhani nakubebea mzigo. Nakwenda kumchukua kaka yangu.

Gervas anasema umeacha kutoka nje. Kula.

Adelina


Kijijini, Bukoba
9 Januari 1986

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani wazima. Kahawa haijambo, migomba imeshambuliwa na wadudu upande wa chini. Gervas, kama Mjomba hawezi kusoma, msomee wewe, na usiruke kitu.

Nilimweleza mama siku ya pili baada ya kufika, tukimenya ndizi. Hakuacha kumenya. Nilipofika pale ulipomtuma mlangoni akaweka kisu chini, akasema, "Walikuwa Felista na mama Ponsiano. Nilipiga kelele mpaka koo likauma." Kisha akachukua kisu tena.

Tulikwenda rweya kesho yake, yeye, mimi na vijana wawili. Serikali ya kijiji imepanda misonobari upande mmoja, na wafyatua matofali wamekula nusu ya kichuguu. Kimebaki kichwa kimoja. Mama alisimama akatazama nyasi. Akasema, "Hapa?" Nikasema barua inasema mashariki. Alikaa chini muda mrefu akizipapasa kwa kiganja. Nilimsikia akisema, si kwangu, "Na mimi nikazisifia kwa watu."

Hakuwaruhusu vijana kuchimba. Alichimba mwenyewe kwa jembe la mkono, na magoti yale. Hakikuwa kina kirefu. Ushanga upo, uzi umeoza.

Tulimzika kibanjani pamoja na wale watatu, wanne kwa mstari. Nililiweka jiwe la Delia pale, mama akaliuliza linatoka wapi, nikamwambia kwa mama mmoja ambaye ndugu zake walizikwa nje ya makaburi. Akaliacha. Padri kijana alikuja. Ni mtu mwema, lakini alikuwa na wasiwasi. Alimuuliza mama awasomee sala ipi, ya waliobatizwa au ile nyingine.

"Kwani ziko mbili?" mama akamuuliza.

"Ziko mbili, mama."

"Soma moja, iwatoshe wote."

Akasoma moja.

Sasa habari yako. Nilimuuliza mama nikuandikie nini. Zilipita siku tatu. Jana jioni tukifagia pale kaburini akaniambia, nami nimeandika bila kuongeza:

"Mwambie sijamsamehe, na nisidanganye kwamba nitamsamehe, maana mimi mwenyewe ni mzee, muda hautoshi. Lakini asizikwe huko kwenye theluji. Gervas amlete. Nimeacha nafasi mwisho wa mstari. Ukoo wa Method watanung'unika kwamba shemeji hazikwi kibanjani kwao, nitawajibu mimi. Watoto wanne hawawezi kulala peke yao bila mtu mzima, nami sijawa tayari. Atangulie yeye awaangalie. Hiyo ndiyo kazi niliyomwita aje kuifanya siku ile, akaifanye sasa."

Narudi Ayalandi mwisho wa mwezi.

Adelina


Alby
2 Februari 1986

Mpwa wangu,

Gervas ananiandikia, mkono wangu haushiki tena. Ameisoma barua yako yote, hakuruka. Alisimama mara moja kunywa maji.

Mwambie dada yangu nimesikia, na nimekubali. Gervas ameahidi mbele ya Milly kwamba atanipeleka.

Mwambie nina ombi moja tu, na akikataa pia ni sawa. Nafasi aliyoniachia, kama bado haijachimbwa, iwe upande ule unaotazama rweya. Upepo wa asubuhi hutokea huko, na ni wa baridi kwa watoto.

Severin